Kioo cha Tatu Kutoka Mwisho

...iko ao haiko, yaya, Rhoda ananiuliza mara ya pili, ananiita yaya kama dada yake mkubwa, na mimi bado nimeshika simu yake ndogo ya vibonyezo, kioo kimekufa, simu inawaka, inalia, ila haionyeshi kitu, giza tupu, na simu za namna hii wameacha kuzitengeneza, nimeshampigia Jeancy, fundi mwenzangu kule Sydenham, amecheka tu, eti maman Ghislaine, kioo hicho ukikipata uniite na mie nije kukishangaa... niseme haiko, neno moja, arudi salon akamalizie kichwa cha watu, lakini iko, iko juu yangu hapa kwenye rafu, kwenye ile meli aliyoiunda marehemu mume wangu, na ndiyo maana siinui macho... "namba ya maman iko mule tu," anasema, "alikimbia Uvira, akanipigia na simu ya watu, nikaisevu mule kwenye simu, si kwenye laini, kesho yake simu ikaniponyoka kwenye ngazi," anasema wiki tatu sasa hajui mama yake amelala wapi, anasema tena kitu kuhusu kanisa, namsikia kama mtu aliye chumba cha pili, tangu Machi nawasikia watu wote hivyo, tangu mume wangu Anaclet aanguke kwenye robot, taa za magari za Umbilo Road, na mkate kwapani, sikulia, wanakwaya walikuja wakalia wao, mimi nikawapikia chai, basi... manowari ya kubeba ndege, eti, mtu wa Bukavu ambaye bahari ameijulia Durban, ndefu kama hii meza, sitaha yote vioo vya simu, vidogovidogo, vimepangwa kama vigae, kazi ya miaka minne, na mwanzo sitaha aliinyoosha kama barabara, halafu siku moja akachukua msumeno akaikata, nikamwambia we mwanaume una wazimu, akasema sikiliza Ghislaine, za kwanza zilikuwa zimenyooka, ndege ikitua ikaukosa waya wa kuikamata inaenda kuzigonga zile zilizoegeshwa mbele, watu wanakufa, mpaka wakafikiria kuipinda sitaha pembeni kidogo, hivi, ili aliyeukosa waya akute bahari mbele yake, apae tena, na rubani akigusa tu chini anakanyaga mafuta yote, nikamwambia atakanyagaje mafuta na anataka kusimama, akacheka mpaka akakohoa, akasema ndiyo hapo sasa... kioo anachotaka Rhoda kiko kwenye hicho kipande kilichopindwa, cha tatu kutoka mwisho, nakijua, navipangusa vyote kila Jumatatu, nikiking'oa patabaki shimo, Anaclet, na kitu gani kingine ninacho chako, shati limeshapoteza harufu... "ao nijaribu town, yaya?" hawana, mdogo wangu, hakuna aliye nacho, ni mimi tu, mimi mchoyo, mama wa mtu anatafutwa na mimi nalinda urembo wa rafuni... lakini ngoja, kwa nini kioo kile ni kizima, vyote ni vizima, tuligombana kwa hilo, nilimwambia vibovu vimejaa ndoo nzima, bandika vibovu, akasema manowari kubwa haiombi spea njiani, inatembea na stoo yake tumboni, miezi mingi baharini, kikiharibika kitu wanashuka chini wanachukua, na kila kioo alikijaribu kwanza, kikiwaka ndiyo anakiweka, na gundi alitia tone moja tu kila kona, nilimwona kwa macho yangu, tone moja, nikadhani ni ubahili, eish, mwanaume huyu, alikuwa anapanga stoo, kila kimoja alikibandika ili siku moja kitoke, na mimi miezi minane nakipangusa, nakipangusa... pua inaniwasha, si vumbi, ni machozi haya, sasa hivi, mbele ya mteja, yanadondokea simu yake, kumbe yalikuwepo, na yanauma jamani, yanauma, nilisahau kwamba yanauma... "Yaya Ghislaine? Iko ao haiko?" nimeinua macho, kile pale, cha tatu kutoka mwisho, bisibisi iko mkononi, shimo litabaki, Anaclet, Jumatatu nitalipangusa na lenyewe, iko, Rhoda, iko, ngoja tu sauti yangu irudi...