Vitabu Vilivyoanikwa Paani

Kitendawili! Nina ng'ombe wengi, wamefungiwa zizini, maziwa yanawaozea viweleni na ndama wanalia nje. Mkishindwa nipeni mji. Lakini hapa kwetu hata mtoto wa kubebwa mgongoni alilijua jibu: maktaba ya shule.

Tuliijenga wenyewe. Wageni walileta mabati, rafu na vitabu. Mchanga na maji tulibeba sisi wanawake vichwani. Kuta tukazikandika kwa udongo na mavi ya ng'ombe, tukazipaka maji ya maganda ya mti wa dawadawa mpaka zikang'aa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Sakafu tuliitwanga kwa vibao, tumejipanga mstari, tunaimba. Mavi yalitufika viwikoni na hakuna aliyeona kinyaa. Mavi ya ng'ombe ni majani tu yaliyopita njia ndefu.

Kinyaa kilikuja baadaye.

Mwalimu mkuu, Aberinga, ni mtoto wa marehemu dada yangu. Wageni walipoondoka tu, akatia kufuli mlangoni na kupigilia mbao madirishani.

"Mwanangu," nikamwuliza, "watoto watasoma lini?"

"Mama mdogo, hawa watoto wana mikono michafu. Wageni wakirudi nataka wavikute vitabu vipya, kama walivyoviacha."

Mikono michafu! Yeye, ambaye nilimpangusa kamasi kwa nguo yangu mpaka akakaribia kuota ndevu! Nilitema mate pembeni nikaenda zangu.

Siku moja mjukuu wangu Ayampoka alipenyeza mkono kwenye ufa wa mbao, akavuta kitabu. Alikutwa anakisoma nyuma ya darasa, na kidole chake kimeacha alama ya mafuta ya karanga kwenye ukurasa. Aberinga akamchapa viganja mbele ya shule nzima, akakirudisha kitabu ndani. Mtoto alifika nyumbani mikono imevimba, hata tonge hawezi kufinyanga. Nikamlisha mwenyewe.

"Inauma sana?"

"Si mikono, Bibi. Nilikuwa nimefika pale mbuzi anaanguka kisimani. Sasa sijui kama alitoka."

Chakula kilinishinda siku ile.

Ukaja msimu wa upepo wa vumbi, na habari kwamba wageni wanarudi Ijumaa. Aberinga akafungua mlango wa maktaba. Hakukaa humo. Alikuja mbio kwetu.

"Mama zangu, njooni mnisaidie!"

Harufu tuliipokea tukiwa bado uwanjani. Ilikuwa kama ya mkojo uliochemshwa ukasahaulika jikoni. Ndani, popo walikuwa wamening'inia kwenye kenchi, wamebanana kama ndizi mbovu. Waliingia chini ya bati, wakakuta giza na utulivu alivyowaandalia mwalimu mkuu. Mavi yao yalilala juu ya vitabu kama mtama ulioungua. Mkojo ulichora michirizi ya manjano kwenye kuta zetu, zile kuta! Mmoja alifia juu ya kitabu kilichofunguka, funza wanatembea kwenye mistari kana kwamba wao ndio waliopewa ruhusa ya kusoma. Rafiki yangu Asibi, anayeosha matumbo ya mbuzi huku anapiga hadithi, alitoka nje akatapika.

Aberinga alisimama mbali, shati jeupe, leso puani.

"Kandikeni upya, harufu iishe. Vitabu vilivyochafuka tupeni kwenye shimo la choo, wageni wasivione. Bakizeni vilivyo safi."

"Choo?" nikasema. "Vitabu vya watoto?"

"Mama mdogo, nitaaibika!"

Asibi akafuta mdomo. "Kumbe leo mikono yetu ni safi."

"Na popo hana hata mikono," nikamwambia Aberinga. "Ndiyo maana hukumchapa."

Alikaza leso puani, akaondoka.

Tulifunga nguo puani tukajaza mabeseni. Kilicho safi hakikuwepo hata kimoja. Tulipofika chooni hatukusimama. Tulipitiliza mpaka majumbani, tukapanda kwenye mapaa yetu bapa, pale tunapoanika uwele na pilipili. Tukapangusa kila jalada kwa majivu, tukatandaza vitabu juani, jiwe juu ya kila kimoja upepo usivipeperushe. Usiku ule nilijisugua mpaka ngozi ikawaka, na bado nilijinusa.

Kesho yake watoto walitoka shule, wakanusa, wakacheka, wakapanda. Hakuna aliyewaita. Ayampoka alipita paa kwa paa akikitafuta kitabu chenye alama ya kidole chake.

Ijumaa, vumbi la gari la wageni likaonekana. Aberinga alifungua maktaba, akakuta rafu tupu. Akaja akihema.

"Mama mdogo! Vitabu viko wapi?"

"Si ulisema vitupwe?"

"Ningebaki na vichache vya kuwaonyesha!"

"Viko juu. Bado havijakauka."

Akaparamia ngazi yetu ya gogo iliyo kando ya jiko, viatu vinateleza, suti inajipaka masizi. Alipofika paani akanyoosha mkono achukue kitabu.

"Koma!" nikamwita kutoka chini. "Umenawa?"

Watoto wakaangua kicheko. Alijitazama viganja, vyeusi kama chungu. Chini, wageni walikuwa wameshuka garini, shingo juu, wanauliza maktaba iko wapi. Juu, watoto walikuwa wamemzunguka, kila mmoja na kitabu chake, na hakuna aliyekiachia.

"Ufunguo," nikasema.

Aliudondosha kutoka paani. Nikaudaka kwa nguo yangu.

Mbao za madirishani tulizifanya kuni. Vitabu havijaacha kunuka, watoto wanavisoma wamekunja pua. Mimi nikivikaribia, bado najifunga nguo puani.

Lakini siku ile, Aberinga akiwa bado anatafuta pa kukanyaga ashuke, Ayampoka alichungulia ukingoni mwa paa.

"Bibi! Alitoka!"

"Nani?"

"Mbuzi!"