Mstari wa Kumi na Tisa

Zamani hizo, mjini Philadelphia, kompyuta alikuwa mtu. Alikuwa mwanamke mwenye penseli, kikokotozi cha kuzungusha kwa mkono na mgongo unaouma, akipiga hesabu za majedwali ya mizinga: ukiinua mdomo wa mzinga kiasi hiki, kombora litaanguka pale. Bernadine Sculley alikuwa kompyuta, na shoga yake Hazel pia.

Amri ilikuwa moja. Kila jedwali lipigwe na wawili, kila mmoja chumbani kwake, bila kuchunguliana, kisha majibu yalinganishwe. Septemba jino likamtesa Bernadine hata machozi yakamtoka. Hazel, aliyekuwa akipiga jedwali lile lile, akamfuata chooni na karatasi zake za majibu.

"Nakili, mwaya. Mimi nimeshakosea lini?"

Akanakili. Majibu yakalingana, yangeachaje? Jedwali likachapwa, likapelekwa vitani Ulaya.

Desemba Hazel akaletewa simu ya maandishi. Mumewe Emmett, askari wa miguu, ameuawa na kombora. Basi, hakuna zaidi.

Februari likaja dude lenyewe, mashine ya umeme ya kupiga hesabu, iliyojaza chumba kizima, na taa zake maelfu na joto la jikoni. Mhandisi Lindqvist akaijaribu kwa jedwali lile la Septemba, maana lilikuwa limehakikiwa na watu wawili. Ikaenda sawa hadi mstari wa kumi na nane. Wa kumi na tisa ikatoa jibu lake, si la jedwali. Siku tatu mafundi walibadilisha taa, wakakagua nyaya, wakatukanana. Jibu likawa lile lile.

"Dude zima hili!" Hazel akacheka, mara ya kwanza tangu Desemba. "Kelele zote hizo, na hesabu halijui!"

Bernadine hakucheka. Saa ya chakula alijifungia, akaupiga mstari ule mwenyewe, kama alivyopaswa kufanya Septemba. Akaurudia. Mashine ilikuwa sahihi. Hazel alikuwa ameandika tatu mahali pa nane, na tangu hapo makombora yalianguka yadi mia kabla ya adui, pale pale askari wao wenyewe wa miguu wanapolala mahandakini.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Lakini wapiga mizinga walikuwa bado wanalitumia jedwali lile, siku hiyo hiyo. Mungu wangu, heri jino lile lingemuua. Akaingia chumba cha mashine, Hazel akiwa amesimama pale pale.

"Mashine si mbovu," akamwambia Lindqvist. "Jedwali ndilo bovu. Sikulipiga, nilinakili. Pigeni simu sasa hivi waache kulitumia."

"Nzima!" Lindqvist akaruka. "Jamani, mashine yetu nzima!" Mafundi wakashangilia, wakapigana mabega, kabla mmoja wao hajakumbuka kukimbilia simu.

Hazel akaichukua karatasi mkononi mwa Bernadine.

"Makombora yanaanguka kabla kwa kiasi gani?"

"Yadi mia, Hazel."

Mke wa askari wa miguu hahitaji kuelezwa zaidi. Hazel akarudi mezani kwake, akachonga penseli, akaanza kuzungusha kikokotozi. Akapata jibu la mashine. Akalifuta, akaanza upya. Akalipata tena.

Bernadine akamgusa bega.

"Usinisemeshe," Hazel akasema. "Nahesabu."