Kuhani wa Mungu Asiyejibu

Karatasi ilikuwa imeloa nusu dobi alipoichomoa kwenye mfuko wa suruali ya mumewe. Alizoea kukuta mengi mifukoni mwa watu, tiketi, vitana vilivyovunjika, hata barua za mapenzi. Hii aliikausha kwa pasi ya uvuguvugu, akaisoma. Ilikuwa orodha ya miungu saba kwa mwandiko mdogo wa mumewe: wa radi, wa mavuno, wa wezi... Chini kabisa mungu wa kike wa wafu, na mbele yake: "Jumamosi, saa tisa. Nimtolee nini ili anirudishie?"

Akairudia kuisoma. Tangu wamzike binti yao miaka miwili nyuma, mumewe, fundi saa, alikuwa hasemi nyumbani ila "nimefika" na "nipe chumvi". Lakini kila Jumamosi alinyoa ndevu, akavaa shati alilonyooshewa na mkewe, akatoka. Dobi alishuku mwanamke. Sasa akaona afadhali angekuwa mwanamke. Dada yake alimwambia watu wanaotoa kafara huanza na kuku, wala hawaishii kwa kuku.

Jumamosi akamfuata kwa mbali, akapanda ngazi za nyuma za duka la dawa, akatega sikio mlangoni.

"Kuhani, umevuka mto wa majivu," sauti ya kike ilisema. "Umeniletea nini?"

Akausukuma mlango.

Palikuwa na mfamasia, kinyozi wa mtaani na mumewe, wamezunguka meza yenye ramani ya kuchora, dadu na bakuli la karanga. Mfamasia, kwa haya, akamweleza kuwa ni mchezo: kila mtu ana mhusika wake, yeye husimulia na kuisemea miungu, dadu huamua. Dobi aliinama akachungulia chini ya meza. Hakuona kuku wala damu, viatu tu.

"Na huyu?" aliuliza, akimwonyesha mumewe kwa kidevu.

"Ni kuhani, shemeji," kinyozi alisema. "Mungu wake hamjibu. Mwezi wa nne huu."

"Unamwomba nini?"

Fundi saa hakuinua macho. "Nusu saa. Mtoto alipozidiwa, nilimwambia asubiri nimalize kufunga saa ya mteja, ndipo twende hospitali."

"Hukuniambia."

"Ungeniangalia hivyo unavyoniangalia sasa."

Mfamasia akaanza kukunja ramani, akisema bora waishie hapo. Dobi akaweka kiganja juu ya ramani. Akavuta kiti, akakaa, mkoba mapajani kama mtu asiyekusudia kukawia.

"Huyo mungu, leo nitamsemea mimi," alisema.

Akaiokota dadu. Mikono yake ilikuwa imechubuliwa na sabuni, na alipokunja ngumi, mifupa ya vidole ilitokeza myeupe. Mumewe akainua uso. Kinyozi alisahau karanga mdomoni. Wote wakaitazama ngumi ile, wakingoja dadu irushwe, nayo haikufunguka.