Sifuri kwenye Kisanduku cha Nne

Theluji ilikuwa ikianguka mjini Duluth, kaskazini mwa Marekani, tangu asubuhi, polepole, kama mgeni anayebisha hodi, na ziwa lilikuwa limeganda hata usijue barafu inaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Siku kama hizo ofisi yetu ya kusimamia pensheni huelea kama mtu anayesinzia. Nami nilikuwa nimeshaanza kuelea nayo, kiti kimeegemea ukuta, mzee Einar Kvale alipoingia amekumbatia kitabu cha mapishi.

"Karibu, mzee. Tunapika nini leo?"

"Ninayepikwa ni mimi," akasema, akaniwekea karatasi mezani.

Ilikuwa taarifa ya mwaka tuliyomtumia Januari, ile ambayo nakala yake huenda kwa watu wa kodi. Ilisema kiwanda cha karatasi, alikofanya kazi miaka thelathini na minne, kimefunga mfuko wake wa pensheni na kumlipa dola elfu themanini na moja, zote za kutozwa kodi mwaka huohuo. Kodi hiyo ingekula karibu robo, na kwa mzee robo hiyo ndiyo ilikuwa mafuta ya kupashia nyumba joto miaka yote aliyobakiza.

"Hundi uliipata lini?"

"Novemba."

"Ukaipeleka wapi?"

Akafungua kitabu. Katikati ya kurasa za mikate ya viazi kulikuwa na bahasha, bado imefungwa.

"Barua hufungua Solveig," akasema. "Mke wangu."

Nilijua mkewe alishafariki; nikakirudisha kiti kwenye miguu yake minne. Mtu akilipwa pensheni mkononi, ana siku sitini za kuihamishia akaunti nyingine ya uzeeni. Zikipita, kodi. Zake zilikuwa zimepita zamani. Lakini ipo barua ya kujitetea, yenye orodha ya sababu zinazokubalika, na mimi nikaitoa kwa mbwembwe zote.

"Kifo katika familia. Hii hapa. Mama alifariki lini?"

"Miaka minne iliyopita."

"Mzee wangu."

"Namwekea tu. Kuna asubuhi nasikia kisu kikipasua bahasha jikoni. Nabaki kitandani, namwacha amalize."

Hapo utani ulinikauka.

"Basi tuandike hundi ilipotea," nikasema. "Nayo imo kwenye orodha. Saini hapa."

"Haikupotea. Ilikuwa ukurasa wa hamsini na mbili."

"Nani atakuuliza ukurasa?"

"Kijana, nimewadanganya wavuvi wote wa ziwa hili kuhusu urefu wa samaki wangu. Lakini hapa chini imeandikwa naapa."

Bosi wetu, Bi Marlys, aliyeanza kazi hii mimi nikiwa bado navalishwa nepi, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa.

"Corbin, unamfundisha mzee uongo, au unafanya mazoezi yako mwenyewe?"

Akaichukua taarifa, akaiinua kwenye mwanga mweupe wa dirisha. Alikaa nayo muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya mpenzi.

"Hii sifuri inafanya nini hapa?"

Kisanduku cha nne, kodi iliyokatwa: sifuri.

"Labda..."

"Labda iache nyumbani kwenu. Hundi ya jina la mtu tunaikata kodi ya moja ya tano kabla haijatoka mlangoni. Kama hatukukata, haikuandikwa kwa jina lake." Akamgeukia mzee kwa upole. "Bwana Kvale, inabidi tuone imeandikwa kwa nani."

Mzee aliishika ile bahasha mpaka nikadhani amelala. "Yeye angeanzia kona ya kushoto," akasema, kisha akaanzia kona ya kushoto.

Hundi ilikuwa imeandikwa kwa chama cha kuweka na kukopa cha wafanyakazi wa kiwanda, iingie akaunti ya uzeeni ya Einar Kvale. Alichagua hivyo mwenyewe kwenye fomu ya Oktoba, akasahau. Pesa hazikuwa zake mkononi hata dakika moja. Siku sitini hazikuwahi kuanza, wala kodi haikuwapo. Kuna mtu tu aliyeandika saba, alama ya aliyelipwa mwenyewe, mahali pa herufi G, alama ya pesa zilizohamishwa moja kwa moja.

"Nani huyo?" mzee akauliza.

Nikalitazama dirisha. Halikunisaidia. "Mimi."

"Na ulitaka niape."

"Nilitaka uape."

Akacheka chinichini. "Solveig angekupenda. Baada ya kukuchapa."

Bi Marlys akamwambia aiwahishe hundi leo hii. Taarifa tungeirekebisha, kwa kuwa nakala ya watu wa kodi ilikuwa bado haijaondoka. Mzee akatoka, na theluji ikamfunika kabla hajafika kona.

Nilitaka kurudi kuelea, nikashindwa. Ile siku ya Januari nilijaza taarifa za wastaafu wote wa kiwanda, thelathini na mmoja, macho nimeyafumba nusu, saba baada ya saba, bila kutazama ni nani pesa zake zilihamishwa. Wengine huenda walikuwa wameshalipa kodi, kimya kimya, kwa sababu karatasi imesema.

"Bi Marlys, ile orodha ya kiwanda..."

"Simu iko karibu na wewe kuliko mimi," akasema.

Nikaanza na Arvid Tuomala, mmoja wa wastaafu hao. Iliita muda mrefu, mbali, katika nyumba niliyoiona akilini ikizama kwenye weupe. Hatimaye sauti ya mzee ikaitika.

"Mzee Tuomala," nikasema, "usilipe kitu bado. Kosa ni langu."