Tarehe Ndogo za Mwandamo

Kiberiti kilikwaruza gizani, mara moja, tena mara ya pili, kisha harufu ya ubani ikapenya kwenye chandarua. Thoa alikuwa macho. Hakujapambazuka bado. Upande wa pili wa pazia mama mkwe wake, Bibi Lựu, alikuwa akisema na picha ya marehemu mumewe.

"Nisamehe, mzee wangu. Siku yako imenipita. Kichwa kimeanza, kama cha dada."

Dada yake huyo alikufa hawatambui wanawe. Thoa alimvuta karibu Mít, binti yake mdogo, akanyamaza.

Jana jioni shangazi wa mumewe alikuwa amepiga simu kutoka Saigon. "Juzi mlimpikia nini kaka yangu? Au siku hizi hata marehemu mnawaagizia chakula kwa simu?" Alikuwa anatania tu. Bibi Lựu akacheka naye, halafu akaacha ghafla. Siku ya kifo cha mumewe, ambayo kila mwaka marehemu hutengewa chakula mbele ya picha kabla mtu yeyote hajagusa sahani, ilikuwa imepita. Nyumbani walikuwa wamekula tambi za pakiti.

Zamani ukutani palikuwa na kalenda ya kuchana. Kila karatasi ilikuwa na tarehe mbili: ile kubwa ya jua, na chini yake ndogo ya mwandamo, ambayo ndiyo ya kukumbukia wafu. Mwaka huu Thoa alisema wasinunue. "Mama, kishikwambi kina zote mbili, tena kitakukumbusha chenyewe." Na kweli kilikuwa kinakumbusha, mpaka jioni moja Thoa alipokwenda nacho kwenye darasa lake la kompyuta, kikaanza kulia katikati ya somo: kesho mwandamo, nunua maua.

"Thoa," wakasema wanafunzi wa viti vya nyuma, "leo umemleta mkweo kwenye mkoba?"

Aliona haya. Akaingia kwenye mipangilio, akazima mwandamo wote.

Hakudhani ameharibu kitu. Kompyuta za darasani zikizimwa husahau yote. Ukikuza herufi leo, kesho unazikuta ndogo kama jana. Alijua mashine zote ndivyo zilivyo. Kumbe hiki cha nyumbani kilikuwa kinakumbuka. Kila asubuhi kilifunguka vilevile alivyokiacha yeye, na Bibi Lựu, asiyejua kwamba kitu kama hicho huzimwa, aliendelea kungoja kukumbushwa.

Baada ya simu ya jana Thoa alizirudisha zile tarehe kimyakimya. Kusema, hakusema. Akisema, ataulizwa ilikuwaje, na itambidi aseme kwamba darasani alimwonea haya. Mama akikasirika, nani atamlinda Mít jioni za masomo? Na mtihani ulishakaribia, na baada ya mtihani labda kazi ya ofisini, labda Mít naye apate chumba chenye dirisha.

Kulipokucha walikaa kwenye uji.

"Mwanangu," Bibi Lựu alisema, "leo jioni mtoto mpeleke kwa jirani."

"Kwa nini, mama?"

"Nitamsahau sokoni mimi. Na vya marehemu sasa upike wewe. Sijiamini tena."

Alisema hivyo huku akimfuta Mít mdomo kwa kidole gumba, taratibu, kama anayeaga. Thoa akasukuma bakuli lake kando.

"Mama, hukusahau."

"Usinibembeleze. Mimi si mtoto."

"Ni mimi niliyezima. Zile tarehe ndogo. Walinicheka darasani, nikazizima, nikadhani zitarudi zenyewe. Na jana nikajua, nikakuacha hivyohivyo."

Bibi Lựu aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo kichwa changu kizima."

"Kizima, mama."

Alivuta pumzi, akaitoa. Kisha akamtazama mkwewe hata Thoa akaona afadhali angepigwa.

"Alfajiri ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ukalala."

"Sikulala, mama. Nilinyamaza."

Mít alikuwa ameshateremka kwenye kiti. Alipanda kigoda mbele ya picha, akachungulia ndani ya kibakuli kidogo cha kumtengea marehemu chakula, kitupu na kikavu.

"Bibi, babu bado hajala."