Uwanja Uliokuwa Ukirefuka

Kitendawili! Kila nikifika, ninakokwenda kunasogea mbele. Mkishindwa, msinipe mji. Mji nitawapa mimi. Unaitwa Kettle Fork, huko Nebraska, na ni mdogo hata mtu akipiga chafya kanisani, dukani wanamwombea afya.

Jumapili ile ya Desemba Marvella Stanek alikuwa kwenye ukumbi wa michezo wa chuo, akipakua maharage ya nyama ya kusaga yenye pilipili. Kila bakuli aliliwekea mkate wa mdalasini pembeni, kama walavyo watu wa huko. Mumewe, Emmett, ndiye kocha wa timu ya chuo, katika mchezo ule wa Kimarekani wa mpira wenye umbo la yai. Msimu mzima vijana wake hawakufungwa. Mji wote ulikuja kutazama kwenye televisheni kamati ikitaja timu zitakazoingia kwenye mtoano wa kumtafuta bingwa wa nchi.

Uwanja ndio uliokuwa ukisumbua. Kila vijana waliposhinda, mstari wa mwisho wanaoukimbilia wao ulisogea mbele. Wa wageni ulibaki pale pale. Wakibadilishana upande, urefu uliwafuata. Ulipovuka uzio na kuingia shamba la mahindi la Wendell Hruska, waamuzi walikuja na mnyororo wao wa kupimia, wakatazama, wakaripoti kwamba mistari ni myeupe na imenyooka. Emmett akaongeza chokaa, vijana wakaongeza mbio.

"Kocha, mkishinda tena mtanimalizia shamba," Wendell alimwambia, mkate ukiwa mdomoni.

"Basi omba tufungwe."

"Ng'o. Bora nilime barabarani."

Watu wakacheka. Marvella hakucheka. Chuo kikuu kimoja cha ligi kubwa kilikuwa kikimpigia Emmett simu, kikimtaka akafundishe huko, na asubuhi ile, akikanda unga, alikuwa amemuuliza: "Emmett, utakwenda?" Emmett alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena, akatoka. Nyumba wanamoishi ndimo alimozaliwa Marvella. Mama yake kalala makaburini ng'ambo ya barabara, na vijana wa timu humwita yeye Marvella Mama Kocha hata wakiwa na mama zao. Basi alipakua huku akimtazama mumewe, na mara mbili akaunguza vidole.

Kamati ikaanza kutaja. Ligi kubwa ziliingiza timu baada ya timu, hata ile iliyofungwa na jirani zake wote. Kettle Fork haikutajwa. Bwana mmoja wa kamati alieleza kwa upole kwamba hawakucheza na wakubwa. Hakusema kwamba kila mwaka Kettle Fork huwaomba wakubwa mechi, nao hukataa. Fedha za televisheni nazo zilishagawanywa na wakubwa hao hao. Ligi ndogo ziliachiwa makombo, na shukrani zikadaiwa juu yake. Mwenye nguvu mpishe.

Televisheni ikazimwa. Kisha mchezaji mmoja wa safu ya ulinzi, pande la mtu, akasogea mezani na kuuliza taratibu, "Mama Kocha, mikate imebaki?" Marvella akampa miwili.

Nje, milingoti ya goli ilikuwa imehama. Siku hiyo hawakucheza, lakini ilihama. Sasa ilisimama ng'ambo ya reli, karibu na maghala ya nafaka, myembamba kama njiti za kiberiti. Wendell alilikagua shamba lake, akaridhika, akaenda kulisha ng'ombe.

Emmett alichukua kitoroli cha chokaa akaanza kuchora mstari kuelekea huko, maana mstari lazima uchorwe. Marvella alivaa koti akamfuata. Upepo ulikuwa unapeperusha chokaa, na Emmett alirudia pale palipofutika. Walipofika relini treni ya mahindi ilikuwa inapita katikati ya uwanja, ndefu, bila haraka. Wakasimama wakaingoja. Behewa la mwisho likapita, milingoti ikaonekana, na Emmett hakukisukuma kitoroli.

"Nitakwenda, Marvella," alisema. "Kule uwanja haurefuki."