Krosi ya Aron

Kwa miaka mingi Ogola na Aron walichezea timu ya kiwanda cha majani chai, Aron akipiga krosi, Ogola akifunga kwa kichwa. Timu ilipovunjwa, Aron alirudi kwao Kapsoit kulima, Ogola akabaki Litein akishona viatu. Jumamosi hii wakakutana tena kwenye ligi ya maveterani, kila mmoja na timu yake, jezi zikiwabana matumbo.

Mechi ilikuwa inaisha bila bao. Ogola alikuwa amesimama mbele ya lango la Kapsoit kwa sababu pumzi za kurudi nyuma hakuwa nazo. Aron aliukimbilia mpira uliokuwa ukielekea kona yao ili auondoe. Alipoinua macho, akamwona.

“Ogola!” akaita, akaupiga juu.

Ogola hakufikiri. Aliruka, akaupiga kichwa, wavu ukatikisika.

“Mzee, unachezea nani?” wenzake Aron wakafoka.

Aron alikuwa ameshika kiuno, akicheka mpaka machozi. Ogola akamwendea, akamkumbatia.

“Pole, ndugu yangu.”

“Pole ya nini? Umeruka vilevile tu!”

Mpira ukawekwa kati, nao wakaachana polepole, kila mtu akarudi upande wake.